Barafu ya ubuyu, maji ya bomba na beseni la moto: namna ya kukanda jeraha dogo huku kwetu Mbeya

Juni, saa kumi na moja na nusu jioni, uwanja wa mtaani Uyole. Winga wetu wa kulia anakanyaga shimo, mguu unageukia ndani, anakaa chini. Kabla sijamfikia nasikia mtu pembeni ameshatoa maagizo: "Mpelekeni nyumbani akakandwe na maji ya moto." Huu ni mwaka wa saba niko na vijana hawa, na kauli hiyo naisikia kila msimu. Mimi mwenyewe niliwahi kuitii. Mwaka niliojitegua kifundo, nikiwa bado nacheza, shangazi alichemsha maji, akatia chumvi, akanikanda kwa taulo mpaka nikasinzia kwa raha. Asubuhi kiatu hakikuingia. Hata kandambili ilibidi niazime za baba mdogo, ambaye mguu wake ni kama jahazi.

Shangazi sikumlaumu. Huku nyanda za juu mtu akisema anaumwa, mkono unakwenda wenyewe jikoni. Baridi tunaifungia milango kuanzia Mei hadi Agosti, halafu aje mtu akuambie mguu uliovimba utiwe baridi, na mkono ulioungua nao utiwe baridi! Nilipoanza kuwaambia wazazi wa wachezaji, mama mmoja alinitazama juu mpaka chini: "Mwalimu, baridi yote hii na bado unataka kumuongezea mtoto?" Ndiyo mama, pale palipoumia tu, tena kwa dakika kumi na tano. Mtoto mwenyewe mvalishe sweta.

Kwanza, jeraha lenyewe ni dogo kweli?

Ninayoyazungumzia hapa ni yale ya kumalizwa nyumbani: kifundo kilichoteguka, msuli uliovutika, goti lililogongwa likavilia damu, kidole kilichobanwa na mlango, kuungua kidogo kwa uji au mvuke, kiuno kilichokaza. Mfupa uliopinda, kiungo kilichochomoka, kidonda kinachovuja damu, mguu uliokufa ganzi au uliopoa na kupauka kuliko mwenzake, hayo ni ya hospitali. Usiyakande kwa chochote.

Kwa kifundo kuna kipimo kizuri kilichoandaliwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, cha kuamua nani apigwe eksirei na nani arudi nyumbani. Mwache aliyeumia asimame na ajaribu hatua nne. Kuchechemea kunaruhusiwa. Akishindwa hatua nne, apelekwe akapigwe picha. Akiziweza, mkalishe, kisha bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa ile mifupa miwili inayotokeza kifundoni, wa nje na wa ndani, ukianzia nchani na kupanda kama sentimita 6. Akishtuka kwa maumivu pale kwenye mfupa wenyewe, na si kwenye nyama iliyo mbele yake, picha. Shuka tena kwenye ukingo wa nje wa unyayo, katikati, penye kinundu: akiumia hapo, picha. Mfupa ulio juu ya upinde wa unyayo, upande wa ndani, nao ni vivyo hivyo. Kwa mtoto mdogo na kwa mlevi usikitegemee kipimo hiki. Mtoto hajui kueleza, na mlevi haumwi mpaka kesho.

Siku mbili tatu za baridi

Mguu ukiteguka, kano zinazoshikilia mifupa zinavutika au kuchanika kidogo, vimishipa vya damu vinapasuka, damu na majimaji vinajaa kwenye nyama. Ukitia moto saa hiyo, mishipa inatanuka na damu inakuja kwa wingi zaidi. Bomba limepasuka na wewe unafungulia koki. Baridi inaibana mishipa, na pia inatia ganzi neva, kwa hiyo maumivu yanapungua bila kidonge.

Barafu utaipata wapi? Wengi wetu hatuna friji, lakini duka la mtaani lenye friji halikosi barafu za ubuyu, zile za kwenye vifuko vyembamba vya nailoni. Chukua nne au tano. Zikianza kulainika zinajikunja vizuri kuzunguka kifundo kuliko hata pakiti za famasi. Kasoro yake ni moja tu, mgonjwa anaweza kuila dawa. Kama duka limefungwa au umeme umekatika, kuna ndoo. Maji ya bomba yaliyolala nje usiku wa Juni au Julai, iwe Mbeya, Mafinga au Njombe, yanauma vidole, yanatosha kabisa. Rafiki zetu wa Kyela ndio wenye shida, kule chini kwenye ziwa maji yao ni vuguvugu mwaka mzima.

Ukishapata baridi yako, fanya hivi.

1. Simamisha mchezo. Kifundo kikishageuka, hata kama kijana anasema "niko poa, mwalimu", atoke. Kano iliyolegea inageuka mara ya pili kirahisi, na ya pili huwa mbaya zaidi.

2. Vua kiatu na soksi mapema kabla uvimbe haujajaa. Kwenye mkono, vua pete. Pete iliyochelewa hukatwa kwa msumeno, na nimeona mtu analilia pete kuliko kidole.

3. Lowesha taulo dogo au kipande cha kanga, kamua, funika palipoumia, ndipo uweke barafu juu yake. Barafu ya friji isiguse ngozi. Inaunguza kama moto, na malengelenge yake ni yale yale.

4. Weka dakika 15. Kwa mtoto, mzee au mtu mwembamba, 10 zinatosha. Dakika 20 ndiyo mwisho. Kwanza atasikia baridi kali, halafu kuwaka, halafu maumivu ya kero, halafu ganzi. Ganzi ikifika, ondoa hata kama saa haijatimia. Funua kila baada ya dakika tano uangalie: ngozi ikipauka, ikawa ya kijivu au ngumu kama nta, ondoa mara moja.

5. Acha ngozi irudi kwenye joto lake, kama saa mbili hivi, ndipo urudie. Mara tatu au nne kabla ya kulala ni sawa. Usilale nayo.

6. Funga bandeji ya kuvutika, ukianzia karibu na vidole na kupanda juu ya kifundo, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliopita. Kisha bonyeza ukucha wa dole gumba uachie. Wekundu usiporudi ndani ya sekunde mbili, au vidole vikianza kuwashawasha na kufa ganzi, umekaza mno. Fungua uanze upya.

7. Alale na mguu juu ya mito miwili, uwe juu kuliko moyo. Kiti na stuli ukiwa umekaa ni nusu ya kazi tu.

Kwa wanaotumia ndoo, zamisha mguu dakika 10, mtu akiwa amejifunika blanketi mabegani na kikombe cha chai mkononi. Naona hapa ndipo wengi wanapokosea huku kwetu. Wanampoza mtu mzima badala ya kifundo, anaanza kutetemeka, halafu wanasema mbinu yenyewe ni mbaya.

Katika siku hizo tatu za mwanzo yapo mambo manne ya kukaa nayo mbali: maji ya moto, kukimbia, kuchua na pombe. Pombe inatanua mishipa na inaficha maumivu, kwa hiyo mtu anacheza muziki juu ya kifundo kibovu. Watu wa Iringa msinichukie, lakini hata ulanzi umo humo.

Kuna wasomaji watakaosema wamesikia barafu siku hizi imepigwa marufuku. Haijapigwa. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani ndiye aliyeeneza mwaka 1978 ile kanuni ya kupumzika, barafu, kufunga na kuinua, na miaka mingi baadaye mwenyewe akakiri kwamba barafu ya kupitiliza na kulala kitandani mno vinaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu uvimbe kiasi ni sehemu ya mwili kujitengeneza. Mimi nimelichukua hivi: barafu ni ya kutuliza maumivu siku ya kwanza na ya pili. Kijana akiweza kulala bila kuugulia, hahitaji tena kujazwa barafu eti kwa sababu bado kuna kauvimbe.

Kuungua: dakika ishirini za bomba, bila barafu

Hili ndilo ningependa lisomwe hata na wale wasiojua mpira. Msimu wa baridi jiko la mkaa linaingia ndani, watoto wanasogea, sufuria ya uji inapinduka. Kinachofuata ni mashindano ya dawa: mmoja analeta dawa ya meno, mwingine yai, mwingine majivu, mwingine mafuta ya kula. Dawa ya meno unaisikia inapoza, na kweli inapoza, kwa nusu dakika. Baada ya hapo inaganda juu ya jeraha na muuguzi analazimika kuikwangua. Mafuta yanafungia joto ndani. Majivu na yai ni mlango wa vijidudu.

Dawa ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili kwa saa. Kama bomba halitoki, mwagia kwa kata kutoka kwenye ndoo, polepole, bila kukatiza. Anza sasa hivi; lakini hata kama umechelewa, ndani ya saa tatu bado inafaa. Nyama iliyoungua inaendelea kuiva chini ya ngozi hata baada ya uji kufutwa, na maji ndiyo yanayolitoa joto hilo. Barafu hapana. Hapa ngozi imeshajeruhiwa, na barafu inabana damu ambayo nyama hiyo inaihitaji.

Wakati maji yanamwagika, mwenzako avue nguo zilizolowa uji, pamoja na nepi. Nguo iliyonatia kwenye ngozi iache, kata pembeni yake. Na kwa sababu maji ya kwetu ni ya baridi kweli, mwili wote uliobaki ufunikwe blanketi kavu. Mtoto mdogo anapoteza joto haraka. Akianza kutetemeka sana au kulegea, simamisha maji, mkaushe, mfunike, uondoke naye kwenda hospitali.

Baada ya dakika 20, laza juu ya jeraha nailoni safi ya kufungia chakula, usiizungushe kwa kukaza. Usipokuwa nayo, kanga safi iliyopigwa pasi. Malengelenge usiyapasue. Aliyeungua usoni, kiganjani, unyayoni, sehemu za siri au kwenye kiungo aende hospitali, vilevile aliyeungua eneo kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole, aliyeungua kwa umeme au kemikali, na mtoto mchanga hata kama ni padogo. Huko ukumbushie chanjo ya pepopunda.

(Na jiko hilo la mkaa: lisilale nanyi chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu.)

Sasa beseni la moto

Zamu ya moto inafika. Utajuaje? Weka mgongo wa kiganja chako kwenye kifundo kibovu, kisha kwenye kizima. Kibovu kikiwa bado kina fukuto kuliko mwenzake, uko bado kwenye siku za baridi. Vikilingana, na uvimbe haujaongezeka tangu jana, anza moto. Kwa kawaida ni baada ya siku ya tatu.

Yako maumivu ambayo hayana haja ya kupitia baridi kabisa. Kiuno cha mtu aliyebeba gunia la lumbesa la viazi kutoka shambani mpaka barabarani, asubuhi akaamka amekaza kama ubao. Shingo iliyolalia vibaya. Tumbo la hedhi. Viungo vya wazee vinavyolalamika Julai. Hayo ni ya moto tangu mwanzo, ila kiungo kilichovimba na kuwa na fukuto kiache kwanza.

Kosa kubwa ni kiasi cha moto. Pale Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam. Ndiyo maana maharage yetu yanachelewa kuiva. Lakini nyuzi 94 zinaiva ngozi vizuri sana. Maji ya nyuzi 60 tu yanahitaji sekunde chache kukuunguza. Unachotaka wewe ni 40 hadi 43. Huna kipimajoto, basi tumia hesabu hii: jagi moja la maji yaliyotoka kuchemka, majagi mawili ya bomba. Bomba likiwa nyuzi 16, mchanganyiko unakuja kama 42. Tia ya baridi kwanza kwenye beseni, ya moto juu yake, koroga, halafu jaribu kwa kiwiko. Kiwiko kikikataa, mgonjwa naye asilazimishwe eti avumilie. Ile imani kwamba maji yasiyochoma hayatibu imetuachia makovu mengi.

Chovya taulo, kamua mpaka lisidondoshe, kunja, laza kiunoni, funika kwa kitenge kizito ili joto lisikimbie. Likipoa, rudia, jumla dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Moto ukiisha, usirukie kitandani. Ndio wakati wa kujinyoosha: lala chali, vuta goti moja kifuani taratibu, hesabu ishirini, badilisha. Nionavyo mimi faida kubwa ya kukanda ni hiyo, kwamba msuli ukilegea unakubali kutembezwa.

Mbadala wa beseni ni soksi ya mchele. Vikombe viwili vya mchele mkavu kwenye sufuria, moto mdogo, koroga mpaka uwe wa moto bila kubadilika rangi. Uache utulie dakika kadhaa, mimina kwenye soksi nene ya pamba, funga fundo. Usiiweke shingoni kabla ya kuijaribu kwenye mkono wako wa ndani. Mchele wa Kyela ni wa kupikwa, tafuta chenga. Chupa ya mpira ya maji ya moto nayo ni nzuri, isizidi theluthi mbili, itolewe hewa, ivalishwe kitambaa, na asiilalie mtu usiku kucha.

Ukishapaka dawa ya kuchua, ile inayowaka, usiweke moto juu yake. Kimoja kati ya viwili.

Jipu dogo na chokea vinakubali moto pia: kitambaa safi, maji ya uvuguvugu, dakika 10, mara tatu au nne kwa siku, bila kukamua. Jipu likiwa usoni, likija na homa, au wekundu ukitambaa, nenda kituo cha afya.

Ambao usiwakande ovyo

Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imepungua hisia asitiwe moto wala barafu miguuni, hatajua anaungua. Aliyepooza upande mmoja, upande huo ni vivyo hivyo. Mtu ambaye vidole vyake huwa vyeupe na kufa ganzi kila baridi ikija aachane na barafu. Mguu mmoja uliovimba muundi bila kuteguka, unauma na una fukuto, usiuchue wala kuukanda. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mama aliyejifungua najua atakandwa, niandike nisiandike. Ombi langu ni hesabu ile ile ya jagi moja kwa mawili, na asiguswe juu ya mshono wa upasuaji. Damu ikitoka kwa wingi hapo si suala la kukanda, apelekwe.

Wanaovuna viazi alfajiri kule Makete na Kitulo, umande ukiwa umeganda kuwa barafu: vidole vilivyokufa ganzi usivipeleke juu ya makaa, maana havisikii na vitaungua. Kwapani kwako kwanza, halafu maji ya uvuguvugu. Na bibi anayekaa na jiko katikati ya miguu kila jioni, mtazame muundi. Ukiona madoa ya kahawia yaliyochorwa kama wavu, ngozi hiyo imechoka na moto. Msogezee kiti nyuma, umpe blanketi.

Winga wetu alizipita hatua nne, akamaliza barafu sita (mbili kwa mdomo), siku ya nne akaanza beseni. Nilimpa kazi moja: asubuhi akipiga mswaki asimame kwa mguu mbovu peke yake, bila kushika ukuta, mpaka amalize. Siku ya kwanza alidumu sekunde tano. Akifikisha mswaki mzima, macho yakiwa yamefumbwa, nitamrudishia jezi.